TOUR DU RWANDA: MSIMBAZI WAKO USIMWEKEE MNYARWANDA



Leo siongelei Simba wala Yanga, siongelei machinga na mgambo. Leo ni baiskeli. Najua wengine mmeshaanza kucheka, maana huku kwetu Msimbazi ukitaja baiskeli mtu anaona guta lenye magunia ya unga linatafuta upenyo Mtaa wa Kongo, na jamaa anapiga miluzi watu wasogee. Cheka, lakini usiondoke, kuna hela za watu hapa.

Iko hivi. Wafanyabiashara wa Kigali ni wateja wa Kariakoo wa siku zote, mzigo wao unapita bandarini kwetu na lori linaenda zake mpaka Rusumo. Kijiweni kwetu, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi cha Msimbazi Polisi, kuna Mnyarwanda mmoja anayekuja kufunga mzigo mara tatu nne kwa mwaka. Yeye ndiye aliyetuletea ugonjwa wa Tour du Rwanda, zile mbio za baiskeli za siku nane zinazozunguka nchi yao, mara nyingi mwezi wa pili. Alianza kwa kutuonyesha picha kwenye simu: umati barabarani kama siku ya dabi, watoto wamepanda miti, akina mama na miavuli. Vijana wakanogewa. Baada ya picha likaja dau. Kila mtu anaweka msimbazi mmoja (wadau wa ughaibuni, hiyo ni noti nyekundu ya elfu kumi, mmeondoka siku nyingi), anataja jina la mshindi, na anayepatia anabeba chungu chote.

Elfu kumi kwa msukuma guta si hela ya kuchezea. Na karibu wote wanaitupa kwa Mnyarwanda yeyote waliyewahi kusikia jina lake, hoja yao ni kwamba mwenye nyumba hafungwi kwake. Yule wa Kigali anawaangalia tu, anatabasamu, halafu anamwekea Mueritrea. Mtu mzalendo kupindukia, ukiigusa Rwanda anasimama kabisa, lakini msimbazi wake hamwekei Mnyarwanda hata kwa bahati mbaya! Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Huyu bwana anajua nini ambacho sisi hatukijui?

Kwanza anaijua historia. Mbio hizi zilianza 1988, na 2009 zikaingia kwenye kalenda ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, tuseme FIFA yao. Ziliingia kwa daraja linaloitwa 2.2, ambalo ni la chini kwa mbio za kimataifa za siku nyingi. Miaka mitano ya mwanzo walibeba wageni watupu: Adil Jelloul wa Morocco 2009, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea 2010, Kiel Reijnen wa Marekani 2011, halafu Waafrika Kusini wawili, Darren Lill 2012 na Dylan Girdlestone 2013. Mwaka 2014 nchi ikalipuka. Dogo wa miaka 20 anaitwa Valens Ndayisenga akabeba. 2015 akabeba Jean Bosco Nsengimana. 2016 Ndayisenga tena. 2017 Joseph Areruya. 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano mfululizo kombe halikutoka nyumbani. Ukiwa umeanza kufuatilia kipindi kile, sikulaumu ukiamini mwenye nyumba hafungwi.

Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, kutoka 2.2 kwenda 2.1. Namba imebadilika kidogo tu, lakini angalia kilichofuata. 2019 Merhawi Kudus wa Eritrea, akiwa na timu ya Astana. 2020 Natnael Tesfatsion wa Eritrea. 2021 (ile iliyosogezwa mpaka Mei kwa sababu ya korona) Cristián Rodríguez wa Hispania. 2022 Tesfatsion tena. 2023 Henok Mulubrhan, Mueritrea mwingine. 2024 Mwingereza, Joseph Blackmore. 2025 Mfaransa, Fabien Doubey. Piga hesabu: kuanzia 2019 hadi 2025 ni mara saba, Eritrea nne, Ulaya tatu, Rwanda sifuri. Sifuri jamani! Na vijana wangu bado wanamimina misimbazi kwenye hiyo sifuri.

Sasa kwa nini daraja tu lifanye yote haya? Wanyarwanda hawakusahau kuendesha baiskeli usiku mmoja. Jibu ni pointi. UCI inampa mshindi wa jumla wa mbio za 2.2 pointi 40. Wa 2.1 anapata 125. Timu za Ulaya zinaishi kwa pointi hizo, zinaamua nani yuko daraja gani na nani anaalikwa mbio kubwa. Ukiwa timu ya kati Ufaransa au Italia, pointi 125 za mwezi wa pili ni tamu, tena huko kwao baridi inawauma na wapinzani wakubwa wako kwingine. Unapanda ndege. Kwa hiyo Rwanda ilipopanda daraja ilikuwa inawafungulia mlango watu waliokuwa hawana sababu ya kuja. Kabla ya hapo mwenyeji alikuwa anakutana na timu ndogo na timu za taifa, na yeye mwenyewe aliweza kuingiza timu zaidi ya moja, kuna miaka walikuwa na Kalisimbi, Akagera na Muhabura, zote za Rwanda. Ukiwa na watu wengi barabarani unaweza kupanga.

Hapo kwenye kupanga ndipo vijana wengi wanapopotea, ngoja nikae kidogo.

Jezi ya njano haiendi kwa anayeshinda siku nyingi. Inaenda kwa mwenye jumla ndogo ya muda ukijumlisha siku zote. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu kwenye kikundi chao cha Safari Simbaz (jina zuri eh, Simba mpaka Kenya), alibeba Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017. Ile ya 2017 hakushinda hatua hata moja. Wiki tatu, hatua 21, hakuna siku hata moja aliyovuka mstari wa kwanza, na Paris akasimama juu kabisa. Kwa hiyo ukitabiri mbio hizi usimtafute mwenye mbwembwe. Mtafute asiyepoteza. Mwenzake anapoteza dakika moja kwa pancha, mwingine mbili mlimani kwa sababu jana hakula vizuri, mwingine ameshikwa na mafua, yeye yupo tu, kila siku yupo. Siku ya nane ukijumlisha unashangaa jina lake liko juu.

Na kutopoteza ni kazi ya timu. Ukikaa nyuma ya mgongo wa mwenzako anakukatia upepo, unaokoa nguvu karibu theluthi. Timu yenye hela inamweka kapteni wake nyuma ya migongo siku nzima, wengine wanachota maji kwenye gari na kumpelekea, akipata pancha mmoja anachomoa tairi lake anampa, yeye mwenyewe anabaki barabarani anasubiri gari. Kazi ya mtu huyo ni hiyo, analipwa mshahara ili mwenzake ashinde. Kijana wa timu ya taifa ya Rwanda anaweza kuwa na mapafu kuliko wote, lakini kapteni wa wenzake anafika mlima wa mwisho akiwa na akiba, yeye anafika akiwa amekata upepo wake mwenyewe tangu asubuhi. Kisha ongeza mazoea. Mtu wa timu kubwa anashindana siku 60 na zaidi kwa mwaka. Wa nyumbani hapati siku nyingi hivyo, na kusoma kundi kubwa la watu, kujua nani anadanganya amechoka na nani amechoka kweli, hakufundishwi mazoezini.

Mdau atasema, na mwinuko je? Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, Mzungu si atakosa pumzi? Hiyo ilikuwa hoja nzuri zamani. Siku hizi timu za Ulaya zinapeleka watu wao kulala milimani wiki mbili tatu kabla ya mashindano, wanakuja damu imeshatengenezwa. Na Mueritrea ndiyo kabisa, Asmara iko kama mita 2,300. Kwake Kigali ni kushuka.

Kidogo niwachekeshe watani. Kwenye Tour de France mshindi wa jumla anavaa njano, mwenye pointi nyingi za kumaliza mbele anavaa kijani. Njano na kijani! Wafaransa ni Yanga wale, sina ubishi. Lakini mfalme wa milima anavaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, yaani rangi zetu sisi wa Msimbazi, na Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa ni yule yule Teklehaimanot, bingwa wa Rwanda wa 2010, aliyeipata Ufaransa 2015. Kijani nayo ikaenda Eritrea 2024 kwa Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu mwaka ule. Watani chukueni hiyo kijani, Girmay ni wetu sote.

Sasa hawa Waeritrea. Nilidhani ni suala la milima tu, lakini Rwanda ina milima, Lesotho ina milima, Ethiopia ina milima. Tofauti ni umri wa mchezo. Waitaliano waliwatawala na wakawaletea baiskeli, Giro d'Eritrea ya kwanza ilikuwa 1946. Hebu fikiria, miaka ile hapa Tanganyika Mwingereza ndiyo kwanza anakabidhiwa nchi na Umoja wa Mataifa. Huko Asmara mtoto anakua akisikia babu yake alishindana na nani, baba yake alianguka kona gani, na kijana akichomoka na kuondoka nyuma yake kuna wengine ishirini. Rwanda wametengeneza kizazi chao kuanzia 2007 hivi, alipokuja Mmarekani Jonathan Boyer, mtu aliyewahi kukimbia Tour de France mwenyewe, akaanza kuwanoa akina Adrien Niyonshuti. Kazi kubwa, matunda tumeyaona. Ila miaka kumi na kitu huwezi kuishindanisha na sabini.

Eritrea ndiyo kesi inayonisumbua. Watu wao wanahangaika na viza, wengine wanakosa mashindano kwa sababu ya karatasi, na nyumbani hawana mbio kubwa ya kuvuta timu za Ulaya kila mwaka kama Rwanda. Bado kuanzia 2019 hadi 2025 wamebeba kombe la Rwanda mara nne. Mwenye sherehe kubwa ni mmoja, mwenye kula nyama ni mwingine.

Je, Rwanda walikosea kupanda daraja? Hili tumelibishania mpaka mama ntilie akatufukuza, ngoja niweke langu wazi.

Kabla ya 2019, kushinda nyumbani ilikuwa kama barua ya kazi. Ndayisenga, Areruya na Mugisha wote walipita kwenye timu ya vijana ya Dimension Data. Areruya alibeba mpaka La Tropicale Amissa Bongo ya Gabon 2018, akasajiliwa Ufaransa na timu ya Delko Marseille, na 2019 akaanza Paris-Roubaix, zile mbio za mawe ambazo hata mabingwa wanaziogopa. Mlango ulikuwa huo: shinda nyumbani, simu inalia. Sasa kijana mwenye uwezo ule ule anamaliza wa tisa au wa kumi na mbili nyuma ya watu wa Ulaya na wa Asmara. Wa kumi na mbili nani anapiga simu? Hilo ndilo deni, na halimlipi waziri wala mdhamini, linamlipa dogo wa Musanze.

Watetezi wao wanasema mabosi wa timu kubwa sasa wanakuja wenyewe, wamo kwenye magari nyuma ya mbio, wanaona kwa macho. Kweli. Moise Mugisha alimaliza wa pili 2020, nyuma ya Tesfatsion, na 2022 akashinda hatua ya mwisho pale Kigali, Mnyarwanda wa kwanza kushinda hatua tangu daraja lipande. Siku ile Kigali haikulala. Lakini ushindi wa siku moja baada ya miaka mitatu ya kungoja, kwa nchi iliyokuwa imezoea kombe, ni mlo mdogo.

Pia walipata kingine. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Bila kupanda daraja 2019 sidhani kama wangepewa. Mimi naona bei ilikuwa kubwa kuliko wanavyokiri, na ningekuwa mimi ningelipa hivyo hivyo. Tumeona hapa kwetu. Simba na Yanga walipojaza wageni watu walilia vijana wetu wanakalishwa benchi, na kweli wanakalishwa. Lakini Yanga akacheza fainali ya Shirikisho Afrika 2023 akapoteza kwa USM Alger kwa bao la ugenini, na Simba akacheza fainali hiyo hiyo 2025 akapoteza kwa RS Berkane. Kizazi cha baba yangu kilikaa muda mrefu sana bila kuona klabu yetu fainali ya Afrika. Tofauti ni kwamba sisi wageni tuliwasajili wanatufungia sisi, Rwanda wageni wanakuja na jezi zao na wanaondoka na kombe.

Hapo hapo kwenye mashindano ya dunia ya Kigali kuna funzo la utabiri, maana kijiweni waliyachanganya na Tour. Yale ni mbio za siku moja. Siku moja lolote linatokea. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, na naapa hakuna mkeka wowote Dar uliokuwa na jina lake, wakubwa walikuwa wanachungana wenyewe kwa wenyewe yeye akaondoka na wachache wakamwacha aende. Kwa wanaume ikawa kinyume, Tadej Pogačar alibaki peke yake kilomita zaidi ya 60 za mwisho akashinda kama ilivyotabiriwa, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Lakini wiki hiyo hiyo kwenye mbio dhidi ya saa, Remco Evenepoel alimkuta huyo huyo Pogačar barabarani akampita. Mtu yule yule, mji ule ule, siku saba tofauti. Ukizifanya siku nane halafu ukajumlisha, bahati za mtu mmoja zinafutana na mikosi yake, kinachobaki ni uwezo na timu. Ndiyo maana Tour de France kuanzia 2020 hadi 2025 ina majina mawili tu, Pogačar mara nne (2020, 2021, 2024, 2025) na Jonas Vingegaard mara mbili (2022, 2023). Wiki tatu zinachuja kuliko siku nane.

Si kwamba hakuna mshangao. 2020 Primož Roglič aliingia siku ya mwisho-lakini-moja akiwa mbele kwa sekunde 57. Ilikuwa mbio dhidi ya saa, kila mtu peke yake, na mwisho mlima. Pogačar, mtu wa kwao Slovenia, wakati huo miaka 21, akazila zote 57 na nyingine 59 juu. Roglič alikuwa na timu kali kuliko zote, ila siku hiyo hakukuwa na mgongo wa kujificha. Kwa hiyo kabla hujataja jina, angalia ramani: kuna siku ya saa? Iko mwanzo au mwisho?

Kwa Rwanda ramani haikusaidii sana kuficha mtu, ndiyo raha yake. Hakuna tambarare. Timu kule si kubwa kama za Ufaransa, kwa hiyo kundi ni gumu kulidhibiti, watu wanachomoka ovyo. Mara nyingi siku za mwisho zinamalizikia Kigali, ambapo wanazunguka na kurudi kwenye mlima ule wa mawe, watu wamejaa pande zote mpaka mwendeshaji hana pa kupita. Anayefika hapo akiwa na sekunde kumi tu mkononi hana uhakika wa chochote.

Na kuna ambacho hakipo kwenye ramani. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Goma na Rubavu ni mtu na jirani yake, mnagawana barabara. Wiki chache kabla ya mbio timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ikajitoa ikitaja usalama. Mbio zilifanyika, Doubey akabeba, na siku yenyewe ya mwisho mvua ikaharibu kila kitu Kigali. Nasema hivi kwa sababu vijana wanataja majina mwezi wa kumi na mbili. Subiri orodha ya walioanza! Timu ikijitoa jina lako limekwenda nayo, na hela ya kijiweni hairudishwi.

Najua anony mmoja ataandika hapo chini, "na sisi Tanzania je?" Sisi chama tunacho, CHABATA. Watu tunao, nenda Shinyanga na Mwanza ukaone vijana wanavyokanyaga Foniksi ya chuma yenye gunia nyuma, wengine waliishi kwa daladala za baiskeli kabla bodaboda haijawafukuza. Kenya hawana mbio kubwa kama ya Rwanda, ila Suleiman Kangangi wa Eldoret alimaliza wa tatu Tour du Rwanda 2017, kabla ya kufariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, Mungu amrehemu. Na Froome, wengi hawajui, alivaa jezi ya Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne 2006 kabla hajahamia Uingereza 2008. Majirani wote wawili walifika kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja mwenye kichwa kigumu aliyekuwa anafundisha watoto kila siku, Kinjah huku, Boyer kule. Wetu sijamsikia bado. Akiwepo mmoja huko Usukumani anijulishe, nitapanda basi nije nimwandike, tena kwa nauli yangu.

Haya, utabiri. Mimi niliishia kidato cha nne na hesabu nilipata D, lakini hii haihitaji zaidi.

Jezi ya njano ya Tour du Rwanda ijayo, nafasi ya kwanza naipa Mueritrea aliye kwenye timu ya kulipwa ya Ulaya. Angalia kama Mulubrhan yumo kwenye orodha. Huyu ni bingwa wa Afrika wa 2022, 2023 na 2024, anapanda na anamaliza kwa kasi, na kwenye mbio za kuzidiana sekunde mtu anayeweza kunyakua sekunde za zawadi mstarini ni hatari kuliko mpanda mlima mtupu. Kama Waeritrea wa timu kubwa wamebaki Ulaya, basi namchukua kijana wa miaka 20 na kitu kutoka timu ya maendeleo ya timu kubwa, aina ya Blackmore. Yule wa 2024 alikuwa hajulikani na mtu hapa, miezi michache baadaye akabeba Tour de l'Avenir, mbio kubwa kuliko zote za vijana duniani. Wa aina hii kila mwaka wanakuja wawili watatu. Na usiidharau TotalEnergies ya Ufaransa, wamebeba 2021 na 2025, hawaji Rwanda kutalii na wanajua kulinda sekunde chache.

Mnyarwanda simpi njano. Nampa hatua moja, na nampa siku ya mwisho mwisho pale Kigali, kwa kijana ambaye tayari amepoteza dakika tano kwa hiyo wakubwa hawana haja ya kumkimbiza. Ndivyo siku zinavyoshindwa na wasio na timu: unaachwa uende kwa sababu hauwatishi. Na mmoja ndani ya kumi bora. Kama mna mtu wa kuweka dau la hatua badala ya dau la kombe, mwekeeni hapo, maana kuanzia kona ya kwanza ya ule mlima wa mawe atakuwa na Kigali nzima inamsukuma.

Nawasilisha.